Ulinganishaji wa vipimo katika michezo ya vita ya vijisanamu

Ulinganishaji wa vipimo ni utaratibu wa kurekebisha kanuni za mchezo wa vita wa mezani ili zilizotungwa kwa vijisanamu vya kimo fulani zitumike kwa vya kimo kingine. Kimo hutajwa kwa milimita. Vilivyoenea ni vya 6, 15 na 28. Kitabu *Little Wars* cha mwandishi H. G. Wells, kilichotolewa Uingereza mwaka 1913, kilitumia askari wa kuchezea wa takriban milimita 54.

Hurekebishwa umbali wa mwendo, masafa ya silaha, ukubwa wa meza na upana wa vibao ambavyo vijisanamu hubandikwa juu yake. Ama vipimo vyote huzidishwa kwa uwiano mmoja, ama vibao huachwa vilivyo na kubadilishwa idadi ya vijisanamu juu yake. Katika kanuni za *De Bellis Antiquitatis* (1990), kibao kina upana wa milimita 40 kwa vijisanamu vya milimita 15, na 60 kwa vya 25. Vikosi hubaki 12 kila upande.

Kipimo cha uwanja, yaani uwiano wa umbali wa mezani na umbali halisi, kwa kawaida huwa kidogo kuliko cha vijisanamu: kwa uwiano wa milimita 28, masafa halisi ya mita 300 yangehitaji takriban mita 5 mezani.