Kiingereza tulikipata ukimbizini, ualimu tutaupata wapi?



Mnakumbuka mkutano wa mwezi uliopita. Vijana watatu walisimama mbele ya sanduku la akiba wakaomba mkopo. Wote watatu walikulia Kyangwali, ng'ambo ya ziwa, na Kiingereza chao ni cha kweli, si cha kubahatisha. Wanataka kushuka mpaka Zanzibar, wafanye mafunzo ya juma nne ya kufundisha Kiingereza, wapate cheti, kisha watafute kazi kule kule pwani. Papa mmoja akauliza: "Mwalimu wa juma ine?" Watu wakacheka. Dada mmoja kati ya wale watatu hakucheka. Akajibu kwa heshima: "Papa, kule Uganda tulisoma miaka kumi na mbili. Hapa Bunia haihesabiwi hata juma moja." Hapo kicheko kikakatika.

Kura iliahirishwa. Sisi tunaotembea kwenye tereni na kuandika gazeti hili tukaombwa tutafute historia kidogo ya jambo hili, ili watu wapige kura wakijua. Tumeitafuta. Kumbe si jambo jipya. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, kwenye pwani ile ile, kulikuwa na watu waliorudi kutoka ng'ambo wakiwa na Kiingereza mdomoni na mikono mitupu. Habari yao ni hii.

Namna Kiingereza kilivyoingia nyumbani mwetu

Tuanze na sisi wenyewe. Vita vya Ituri vya 1999 mpaka 2003 viliwatoa watu wengi kwao, na wengine wakavuka Ziwa Albert. Mwishoni mwa 2017 na mwanzo wa 2018 moto ukarudi Djugu, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka tena kwa mitumbwi, wakashukia Sebagoro upande wa Uganda. Wengi walipelekwa Kyangwali. Mtoto wetu aliyekuwa ameanza kusoma Kifaransa alikuta kule ubao umeandikwa Kiingereza. Hakuchagua. Asiyekijua alikaa nyuma na wadogo, hata kama ndevu zilikuwa zinaanza kuota.

Tuliporudi, mambo yakageuka. Hapa masomo ni kwa Kifaransa, mtihani wa serikali ni kwa Kifaransa, na karatasi ya Uganda inaomba kwanza kutambuliwa kuwa sawa na ya Kongo. Hiyo ni safari ndefu ya ofisi na feza. Na bado Kiingereza kinatafutwa hapa mjini: mashirika wanakiomba, wafanyabiashara wa njia ya Mahagi na Aru wanakiomba, na tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 wazazi wanakiulizia zaidi. Tuko na watu wenye kitu kinachotakiwa, lakini hawana karatasi ya kukiuza. Ndiyo maana macho ya vijana yanaangalia pwani.

Waliorudi kutoka India

Katika karne ya 19 manowari za Waingereza zilikuwa zinakamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi. Watu waliookolewa hawakurudishwa kwao, sababu kwao kulikuwa ndani sana ya bara, na njia ya kufika kule ilikuwa ile ile ya wauza watumwa. Wengi walishushwa mbali: Aden, Seychelles, Bombay. Kati ya watoto walioshushwa Bombay, wengine walipelekwa Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, ambako misioni ya Kianglikana, CMS, ilifungua kituo katika miaka ya 1850. Walifundishwa kusoma na kuandika, Kiingereza, na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Kambi ya ugenini, masomo ya ugenini, lugha ya ugenini. Mnaona tunakoelekea.

Mwaka 1864 William Jones na Ishmael Semler walirudishwa Afrika kutoka India. Walipelekwa Rabai, nyuma ya Mombasa, kumsaidia mmisionari Johannes Rebmann. Tunasema walirudi, lakini Jones alitekwa angali mtoto, na Rabai hapakuwa kwao. Wenyeji waliwaona ni watu weusi kama wao, lakini nguo tofauti, lugha tofauti, desturi tofauti. Wengi wetu tunaijua ile namna ya kutazamwa, tulitazamwa hivyo hapa hapa Bunia siku za kwanza.

Mwingine wa Nasik ni Jacob Wainwright. Livingstone alipokufa mwaka 1873 kule Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake Waafrika waliubeba mwili mpaka Bagamoyo. Wainwright ndiye aliyejua kuandika Kiingereza vizuri: aliandika maneno ya kumbukumbu kwenye mti na akaandika habari za safari. Akapanda meli pamoja na mwili, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa kati ya wale waliosindikiza jeneza ndani ya kanisa la Westminster, London. Kiingereza cha kambini kilimfikisha pale.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Sasa waliookolewa walihitaji mahali karibu. William Salter Price, aliyekuwa akiongoza kituo cha Nasik, akatumwa Mombasa, na mwaka 1875 kijiji cha Frere Town kikaanza ng'ambo ya kisiwa. Kengele yao ingali pale hata leo, na mtaa unaitwa Kengeleni juu ya ile kengele. Nani aliwafundisha watu wapya walioshushwa kutoka majahazini? Sehemu kubwa ni wale waliotoka India: walimu, wakalimani, mafundi. Mkimbizi wa zamani akawa mwalimu wa mkimbizi mpya.

Kiungani, masomo ya walimu kando ya bahari

Zanzibar nako kulikuwa na kazi ya namna hiyo. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misioni ya UMCA alihamia pale, na Sultani Majid akampa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Kutoka kwa wachache hao likazaliwa darasa, na darasa likawa chuo cha Kiungani, nje kidogo ya mji. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alipewa daraja la kwanza la utumishi wa kanisa mwaka 1870 pamoja na George Farajallah. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na kundi la watu waliokombolewa akawapeleka bara, wakaanza kijiji Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo. Cecil Majaliwa, mtoto mwingine wa Kiungani, alipelekwa kusoma mpaka Canterbury, Uingereza, na mwaka 1890 akawa padri.

Tukumbuke jambo moja kuhusu Steere. Ingawa vijana walisoma Kiingereza, yeye alishikilia kwamba Kiswahili ndicho cha kuanzia, na mwaka 1870 alichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Mwanafunzi wa Kiungani alipelekwa kwenye lugha ya kigeni kwa kupitia lugha aliyoielewa. Sisi tulijaribu kinyume katika darasa letu la Jumamosi hapa Mudzipela. Siku ya kwanza mmoja wetu alisema Kiingereza saa nzima, haraka haraka kama redio. Watoto walimsikiliza kwa adabu, wakaenda nyumbani bila neno hata moja. Kusema lugha na kuifundisha ni kazi mbili.

Na msiseme pwani ni mbali, haituhusu. Desemba 1887 Stanley alitoka kwenye msitu wa Ituri akafika Ziwa Albert, na wengi wa wapagazi wake walikuwa watu wa Zanzibar. Kiswahili tunachoandikia gazeti hili kilipanda kwa miguu ya watu kama wale.

Kilichowajenga na kilichowavunja

Kilichowajenga ni muda. Hakuna aliyetoka Kiungani au Nasik akiwa mwalimu baada ya mwezi. Kijana alikaa miaka, kisha akatumwa kufanya kazi chini ya mtu mwenye uzoefu kabla ya kuachiwa mahali pake.

Kilichowavunja ni kufanywa wasaidizi maisha yote. Jones alifika Rabai mwaka 1864. Alipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu Hannington, yaani miaka 21 baadaye. Mwaka ule ule alisafiri na Hannington kuelekea Uganda. Askofu akauawa Busoga, na ni Jones aliyeurudisha msafara mpaka pwani. Akangoja tena mpaka 1895 kuwa padri. Wakati huo wote Wazungu vijana walikuwa wanafika na kuwekwa juu ya watu kama yeye, na mshahara wa waliotoka India ulikuwa mdogo kuliko wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko ya watu kupigwa Frere Town yalifanya uchunguzi ufanyike. Wengi wenye Kiingereza waliondoka wakawa makarani na wakalimani wa makampuni na serikali. Kanisa liliwasomesha, wengine wakavuna.

Lakini si wote walipotea. James Mbotela, mtoto wa Frere Town, alikuwa mwalimu, na mwaka 1934 kitabu chake "Uhuru wa Watumwa" kilitoka, kwa Kiswahili, kikisimulia habari za watu wake. Vizazi vingi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki walikisoma darasani.

Hizo juma nne zilitoka wapi?

Mwaka 1961 Marekani na Uingereza walianza kuleta walimu vijana katika sekondari za Uganda, Kenya na Tanganyika. Walikuwa wenye digrii, na Kiingereza kilikuwa lugha ya mama zao. Hata hivyo, wale ambao hawakusomea ualimu walipitishwa mwaka mmoja Makerere, Kampala, kabla ya kupewa darasa.

Mafunzo mafupi yalianza London mwaka 1962, katika masomo ya lugha yanayoitwa International House. Mwanzoni yalikuwa juma mbili tu. Kutoka pale kikaja cheti ambacho leo kinatolewa na Cambridge, kinaitwa CELTA: saa 120 hivi, na ndani yake lazima mtu afundishe wanafunzi wa kweli saa 6, huku mkufunzi akimtazama. Kwa hiyo juma nne si uongo. Ni mlango. Uongo unaanza pale mtu anapouza karatasi yenye namba ile ile, 120, bila mwanafunzi hata mmoja mbele yako. Mwanachama wetu mmoja alinunua ya namna hiyo kwa simu. Ni nzuri, ina rangi, na mpaka leo haijafungua mlango wowote.

Kabla ya kura

Tunawaomba vijana wetu watatu walete majibu ya maswali haya kwenye mkutano ujao. Wale wa Zanzibar watakupa wanafunzi wa kweli, saa ngapi? Nani ameandika kwa mkono wake kwamba atakupa kazi, na nani atalipia kibali cha kazi? Maana hata kama Kongo iko ndani ya Jumuiya, Mkongomani anayetaka kazi kule bado anaomba kibali. Na usipopata kazi, mkopo utarudi sandukuni kwa njia gani?

Maoni yetu sisi ni haya. Feza ya kwanza iende kwenye kutambuliwa kwa karatasi zao za Uganda, sababu bila hiyo hata ISP-Bunia, chuo chetu cha walimu hapa mjini, haiwezi kuwapokea. Wakati wanangoja, wafundishe darasa la Jumamosi, na tuombe mwalimu wa Kiingereza mwenye uzoefu aje kukaa nyuma ya darasa na kuwasahihisha. Baada ya hapo anayetaka pwani aende, tena kwa mkopo wetu, akiwa na barua ya kazi mkononi.

Lakini hapa tuseme na sisi wakubwa. Tangu darasa la Jumamosi lianze, hao vijana wanafundisha watoto wetu bure. Tunawaita wa kujitolea, tunawapa asante na chai, na wanapotaka kuondoka tunashangaa. Jones naye alipewa asante miaka 31.

Kwa hiyo kwenye kura ya mkutano ujao mambo yawe mawili, si moja: mkopo wa vijana, na posho ya mwalimu wa Jumamosi, itakayotoka kwenye mchango wa kila mzazi mwenye mtoto darasani. Mweka hazina ameombwa aje na hesabu ya yote mawili. Mkutano ni saa yetu ya kawaida, mahali petu pa kawaida. Tafadhali papa aliyeuliza juu ya juma nne asikose, tunamhitaji.