Nyota ya Berlin na giza la kwenye kona

Nimekuwa kimya kitambo, na leo nikirejea sina habari za simu mpya wala za Linux. Nina habari za giza: lile linalojikusanya kwenye kona za picha iliyopigwa kwa lenzi ya pembe pana, huku katikati kukiwa kweupe kabisa.

Nilianza kulifuatilia kwa sababu ya negativi moja. Mwaka 1979 marehemu baba aliazima kamera yenye lenzi pana ili apige picha ya ukoo mzima, maana ua ulikuwa mdogo na watu walikuwa wengi. Nyanya alisimama mwisho kabisa kushoto, chini ya mwembe. Ndiyo picha yake pekee tuliyo nayo. Wajomba walio katikati wanaonekana hadi vifungo vya mashati. Nyanya ni kivuli kilichojifunga leso.

Mimi ni mtu wa kompyuta, basi nikadhani hii ni kazi ya jioni moja. Kanuni yenyewe ni ya zamani, na mizizi yake imo katika kitabu cha Johann Heinrich Lambert cha mwaka 1760 kuhusu upimaji wa mwanga. Chukua kamera sahili, kitobo tu na filamu bapa. Mwanga unaoingia kwa mshazari hupata hasara mara tatu. Kwanza, kitobo kikitazamwa upande huonekana chembamba, kama sahani uliyoiinamisha. Pili, safari ya kufika kwenye kona ni ndefu zaidi, na mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Tatu, ukifika unaiangukia filamu kwa ulalo na kutawanyika. Zidisha hasara hizo na unapata kosaini ya pembe kwa nguvu ya 4. Kwenye digrii 45 jibu ni robo kamili. Kona inapata robo ya mwanga wa katikati, na hakuna aliyekosea. Ni jiometri tu. (Lenzi halisi ina hasara nyingine pia, pale bomba lake linapoukata mwanga wa pembeni. Hiyo hupungua ukiziba tundu kidogo. Ile ya kosaini haikusikii.)

Nikaiskani negativi, nikaandika programu fupi inayogawanya kila nukta kwa hiyo kosaini. Ukuta ukatakata. Anga ikawa sawasawa. Nyanya akawa mchanga. Programu inazidisha kile kilichonaswa, na pale chini ya mwembe filamu ilikuwa imenasa chembechembe tu.

Hapo ndipo nikaanza kusoma waliotutangulia walifanyaje, na nikakutana na kitu cha ajabu. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Berlin ilitoa lenzi iitwayo Hypergon, iliyobuniwa na Emil von Höegh. Ni vipande viwili vya kioo vilivyojipinda kama nusu ya gololi, na inaona zaidi ya digrii 130. Piga hesabu: kwenye digrii 65 kutoka katikati, kona inapata takriban 1/31 ya mwanga. Picha kama hiyo ni tundu jeupe lililozungukwa na usiku.

Dawa yao ilikuwa kijinyota cha bati chenye meno, kilichoshikiliwa mbele ya lenzi. Mpiga picha alibinya mpira, hewa ikapita kwenye kimrija, nyota ikazunguka kwa kasi kama feni. Katikati yake iliziba mwanga, na meno yaliyochongoka kuelekea nje yaliuruhusu kidogo kidogo. Kwa kuwa ilizunguka, haikuacha kivuli cha meno. Baada ya muda nyota iliangushwa pembeni, na katikati nako kukapata fungu lake kabla ya kufunga. Ni filta iliyotengenezwa kwa muda badala ya kioo! Sijawahi kuona algorithimu nzuri zaidi ya bati.

Baadaye wapiga picha wa angani ndio waliobanwa zaidi, maana ramani hutokana na picha nyingi zinazounganishwa kingo kwa kingo. Katika picha ya sentimita 23 kwa 23 na lenzi ya milimita 152, iliyokuja kuwa ya kawaida kwa kazi hiyo, kona iko digrii 47 hivi na kanuni inaipa kama 1/5 tu. Mwaka 1946 Mrusi Mikhail Rusinov aliombea hataza lenzi ambayo tundu lake huonekana kukua ukilitazama kwa upande, hivyo hasara ikapungua. Iliyobaki ilizibwa kwa filta za kioo zilizopakwa ukungu wa metali, mzito katikati na mwepesi pembeni. Zile ramani za 1:50,000 zilizotutesa kwenye mtihani wa jiografia zilichorwa kutokana na picha za ndege.

Filta hizo ni ghali, basi wenye kamera kubwa wakajitengenezea. Njia yao ni ya akili sana. Unapiga picha ya kitu cheupe chenye mwanga sawa, kwa lenzi ileile. Katikati kulikopata mwanga mwingi, negativi inakuwa nyeusi zaidi. Kona zinabaki nyepesi. Kamera imejichorea yenyewe filta inayoihitaji. Ila filamu lazima ioshwe kwa muda mrefu kuliko kawaida, hadi weusi wake uongezeke sambamba na mwanga. Ukiiosha kama kawaida unasahihisha nusu na ushee tu.

Nikajaribu. Nilitengeneza sanduku la plaiwudi lenye kitobo cha milimita 0.3, umbali wa milimita 50 hadi kwenye filamu ya 6 kwa 9, ili kona iangukie digrii 45. Kwa ujuaji wangu, filta ya kwanza niliichora kwa programu na kuichapa kwenye plastiki angavu kwa printa ya leza. Picha ikatoka na madoadoa kama kanga ndege. Kitobo ni kidogo mno, kiliona nukta za printa moja moja! Nikarudi kwa wazee: plastiki nyeupe kama maziwa mbele ya kitobo, picha moja, kuosha kwa muda mrefu, kisha kipande hicho nikakibandika ndani ya sanduku, karibu kugusa filamu.

Na hapa ndipo nilipoelewa. Filta haiongezi mwanga kwenye kona hata kidogo. Inaifinya katikati, ili uweze kuacha kitobo wazi mara 4 zaidi bila kuichoma. Zile sekunde za ziada ni za watu wa pembeni. Wakati wa kugawanya kwa programu, sekunde hizo zimeshapita.

Desemba niliwapanga jamaa ukutani, juani, watulie kwa sekunde 1 hivi. Mama nilimweka kwa makusudi mwisho kabisa kushoto, akanilalamikia. Uso wake umetoka, laini kidogo kwa sababu ni kitobo, lakini ametoka mzima, na bado amenuna.

Ile programu ya kugawanya nitaiweka hapa wikendi. Ina mistari 40 tu, na kwa ukuta na anga inafaa sana.