Silent Hills: gemu iliyozikwa kabla ya kuzaliwa

Wiki iliyopita nilikuwa Kariakoo kwa fundi mmoja, nimepeleka simu ibadilishwe kioo, nikamkuta anafuta PlayStation 4 za mtumba kutoka Ulaya. Anaunga moja kwenye televisheni, anafuta kila kitu cha mwenye mali wa kwanza, anaiweka pembeni, anachukua nyingine. Nikamuuliza kama huwa anaangalia kilichomo kabla ya kufuta. Akacheka. "Mdogo wangu, nikague gemu za watu za nini? Mteja anaitaka tupu."

Sikubishana naye, kazi ni kazi. Ila mimi niliyaangalia yale mashine kwa jicho jingine. Kama mojawapo ilikuwa na kitu kinachoitwa P.T., basi kimekwenda, na hakuna duka litakalokupa kingine hata uje na gunia la fedha.

Kwa wasioijua habari hii, turudi nyuma kidogo. Silent Hill ilitolewa na Konami ya Japani mwaka 1999. Mtu anamtafuta binti yake ndani ya mji wa Kimarekani uliojaa ukungu, basi. Ukungu wenyewe kwa sehemu ulikuwa ujanja, maana PlayStation ya kwanza haikuwa na nguvu ya kuchora mji mzima kwa mara moja, lakini ujanja huo ndio uliowatia watu kiwewe. Ya pili, ya mwaka 2001, wengi wanaihesabu miongoni mwa gemu bora za kutisha kuwahi kutengenezwa. Baada ya hapo timu ya mwanzo ikasambaratika, kazi zikaanza kugawiwa studio za nje, na kufikia 2012 jina lilikuwa limechuja kama kanga ya zamani.

Ndipo akaja Hideo Kojima, bwana wa Metal Gear, mtu mkubwa kabisa pale Konami. Mwaka huo huo wa 2012 alieleza kwamba rais wa kampuni alimpigia simu kumtaka atengeneze Silent Hill inayofuata. Kichekesho ni kwamba Kojima mwenyewe alikiri ni mwoga wa mambo ya kutisha!

Tarehe 12 Agosti 2014, Sony wakiwa kwenye maonyesho ya Gamescom kule Cologne, Ujerumani, ikatangazwa gemu ndogo ya bure kwa PS4, P.T., ya studio ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, 7780s Studio. Unaamka sakafuni, unafungua mlango, unatembea kwenye korido ya nyumba yenye kona moja. Redio inasoma habari ya baba aliyeua familia yake. Mwishoni kuna mlango. Unaufungua, unajikuta mwanzo wa korido ile ile. Tena na tena. Kila mzunguko kuna kitu kimebadilika: taa, picha ukutani, kilio bafuni, na mwanamke anayesimama pale asipotakiwa kuwapo.

Kojima alitarajia watu wachukue kama wiki nzima kufumbua fumbo. Walilifumbua siku ile ile. Mwisho wake ikatokea trela: Silent Hills, ya Kojima na Guillermo del Toro, mwongozaji wa filamu kutoka Mexico, na sura ya mwigizaji Norman Reedus. Hata lile jina la studio lilikuwa kitendawili. Shizuoka ni mkoa wa Japani ambao maandishi ya jina lake yanaweza kusomeka "kilima tulivu", na ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 7,780. Hebu niambieni, nani hufikiria mambo kama haya?

Ndani ya wiki chache ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni moja. Kampuni nyingine ingechinja ng'ombe. Kumbe ndani ya nyumba moto ulikuwa umeshawaka.

Hapa niwe mkweli, maana mashabiki wengi hutaka shetani mmoja wa kumpiga mawe. Kojima hakuwa mtu wa bei rahisi. Gazeti la Nikkei liliripoti Agosti 2015 kwamba Metal Gear Solid V ilikuwa imekula zaidi ya yen bilioni 10, zaidi ya dola milioni 80 kwa wakati ule. Konami nao walishaonja faida ya gemu za simu, zinazotengenezwa kwa gharama ndogo. Ukiwa mhasibu, unaweza kuwaelewa. Lakini gazeti hilo hilo lilieleza pia jinsi wafanyakazi walivyokuwa wakichungwa humo ndani, na hapo hata mhasibu hana la kutetea.

Machi 2015 jina la Kojima likaanza kufutwa kwenye matangazo na majalada ya gemu yake mwenyewe. Jamani, hili linaniuma. Nilipoanza kazi hii, gazeti moja lilichapa habari niliyoihangaikia wiki mbili bila jina langu, na bado nakumbuka nilivyoishika karatasi ile kituo cha daladala. (Kojima alikuwa mjanja kuliko mimi: ndani ya gemu jina lake hutokea kila misheni.)

Mwishoni mwa Aprili 2015, del Toro aliiambia hadhira San Francisco kwamba mradi haupo tena. Masikini, mwaka 2012 gemu yake nyingine, inSANE, nayo ilikuwa imetemwa na THQ. Siku iliyofuata Konami wakathibitisha. Tarehe 29 Aprili P.T. ikaondolewa dukani, na baada ya siku chache hata aliyekuwa nayo zamani, akiifuta kwa bahati mbaya, hakuweza kuipakua tena. Watu wakaanza kuuza PS4 zenye P.T. kwa zaidi ya dola 1,000.

Desemba 2015 Kojima alianzisha studio yake huru, na Novemba 2019 akatoa Death Stranding, akiwa na Reedus yule yule na sura ya del Toro ndani yake. Konami walirudi kwenye ukungu wao Oktoba 2024, wakiwa na Silent Hill 2 iliyoundwa upya na Bloober Team ya Poland, na kusema kweli imetoka vizuri.

P.T. peke yake ndiyo hawataki kuiachia. Shabiki mmoja kijana aliitengeneza upya kwa kompyuta mwaka 2018, wakamzuia. PS5 ilipotoka Novemba 2020, P.T. ilikataliwa kuchezwa humo. Imebaki ndani ya hard diski za PS4, na hard diski, kama mjuavyo, hufa.

Mwaka 2019 mtundu mmoja, Lance McDonald, alifanikiwa kuichezea kamera yake na kugundua kwamba yule mwanamke, Lisa, kuanzia hatua fulani ya gemu huwa amebandikwa mgongoni kwako muda wote. Kivuli unachokiona ukutani ni chake. Waliocheza miaka mitano hawakujua.

Jana nimempigia yule fundi. Nimemwomba akiona alama ya P.T. kwenye kioo asifute, anipigie kwanza. Amekubali, ila anataka nimtumie picha ya hiyo alama, na niwahi, maana mzigo mwingine unaingia Jumatatu.