Sehemu ya 6: Paswedi ya wodi nzima

Mama zangu, kuna mmoja kaniuliza kwa meseji: "Dada nesi, siku hizi mnaingia kwenye kompyuta mara moja tu, halafu maabara, famasi na faili la mtoto vyote vinafunguka. Si hatari hiyo?" Swali zuri, ila jibu lake linaanzia mbali kidogo.

Paswedi za kompyuta zilianza chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kompyuta ilikuwa moja kubwa, watu wanagawana muda, kila mtu na neno lake la siri. Siri yenyewe haikudumu. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa udaktari (si wa kutibu jamani, wa PhD!), alitaka muda zaidi. Akaiagiza mashine imchapishie faili lenye paswedi za wote. Ikamchapishia.

Mwaka 1983, hapohapo MIT, ukaanza mradi wa Athena: kompyuta zimetapakaa chuo kizima, mwanafunzi akae popote. Kama sisi wodini. Shida ikawa hii: ukituma paswedi kwenye waya kila unapotaka kusoma barua au kuchapisha karatasi, anayenyemelea ule waya anaidaka. Ndipo wakatengeneza Kerberos, jina la mbwa wa vichwa vitatu katika hadithi za Wagiriki. Unajitambulisha mara moja kwa mlinzi, na paswedi yenyewe haisafiri. Unapewa tiketi. Mlango unaofuata unaonyesha tiketi tu, na tiketi ina saa zake. Zikiisha, haifai tena. Mwaka 2002 ukaja utaratibu uitwao SAML, na mfumo wa kampuni moja ukaweza kuamini utambulisho uliofanywa na mwingine.

Mimi nilichelewa kuelewa umuhimu wake. Kituo nilichoanzia kazi kilikuwa na mifumo mitatu, paswedi tatu, nani azikumbuke zote? Mwisho yangu ikaandikwa kwenye plasta, ikabandikwa nyuma ya skrini. Wodi nzima ikawa inaingia kwa jina langu. Asubuhi moja nafika zamu, mtoto anaonekana kapewa dawa saa 2 usiku, jina langu, na saa 2 usiku mimi nilikuwa nyumbani napika chapati. Mama yake ananiuliza, "Kapewa au hajapewa?" Sikuwa na jibu. Tulipiga simu kwa kila aliyekuwa zamu mpaka tukampata aliyempa. Ile nusu saa siisahau.

Sasa kila mtu anaingia kwa jina lake, kwa sababu kukumbuka paswedi moja si kazi. Na ndiyo, dada uliyeuliza, ufunguo mmoja ukiibwa milango yote iko wazi. Ndiyo maana tunadaiwa pia namba inayotumwa kwenye simu. Na ukiniona nafunga skrini kwanza kabla ya kumfuata mwanao anayelia, usininunie mama, ni sekunde mbili tu.