Mizigo ya Kariakoo: Kutoka Begani Hata Umeme

Kila msomaji wetu aliyepata kufika Dar es Salaam alijua soko la Kariakoo. Hata yeye asiyefika amelisikia, maana kanga za dukani kijijini, sufuria, taa na madaftari ya watoto wa shule, vingi vimepitia huko. Bali si wengi wajuao jina lile lilikotoka. Wengine hudhani ni jina la mzee wa zamani, wengine ni jina la kabila. Sivyo. Ni jina la watu waliochukua mizigo. Twapenda kueleza habari zao, na habari za nguvu zilizokuja nyuma yao kuuondoa mzigo begani mwa mtu, hata tufike kwenye gari la reli lisilo na moshi, liendalo kwa umeme na kuongozwa kwa maneno yapitayo hewani.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, nchi hii ilikuwa chini ya Wadachi. Walikuwa wamejenga Dar es Salaam mlingoti mrefu wa simu ya upepo, yaani simu isiyo na waya, ili waweze kusema na merikebu zao zilizo mbali baharini. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilikuja mbele ya mji, ikaipiga mizinga stesheni ile. Tazameni, wasomaji: kabla askari hajashuka pwani, kitu cha kwanza kilichotafutwa na adui kilikuwa ni ule mlingoti. Walijua ya kuwa mwenye neno lipitalo upesi hutangulia mwenye nguvu nyingi.

Wadachi walikuwa na reli pia. Waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Lakini reli ni njia moja tu, na vita vilikuwa porini, kulia na kushoto. Tena Wadachi walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja. Punda, farasi na ng'ombe nao walikufa kwa wingi, kwa sababu ya mbung'o. Basi ikabaki nguvu moja tu ambayo pande zote mbili ziliweza kuishika kila mahali, nayo ni bega la mtu mweusi.

Manowari ya Wadachi iitwayo Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, ikaharibiwa humo Julai 1915. Wadachi wakaitoa mizinga yake 10, ikaburutwa kwa nguvu za watu hata Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu na kupelekwa vitani. Waingereza nao walipoutwaa mji Septemba 1916, walikusanya wapagazi wao mahali palipokuwa na jengo ambalo Wadachi walikuwa wamelijenga kabla ya vita. Kikosi hicho cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Vinywa vya watu wetu vikalilainisha neno hilo, likawa Kariakoo. Huko Nairobi pia pana mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo, Kariokor. Baada ya vita jengo lile likawa soko. Na mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya, lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli. Nyumba ilibadilika, jina likakaa.

Sasa tufanye hesabu, kama tuwafanyishavyo watoto darasani. Mpagazi huchukua mzigo wa kilo 25 hivi. Kwa siku hula kilo 1 ya unga. Kutoka Dar es Salaam hata Dodoma ni kama kilometa 450. Akienda kilometa 18 kwa siku, atafika siku ya 25. Basi ikiwa mzigo wake ni unga, naye hula katika huo huo, atafika Dodoma na gunia tupu, wala hana cha kumrudisha kwao. Ndiyo sababu jeshi lilihitaji wapagazi wa kuwachukulia wapagazi chakula, na wengine tena wa kuwachukulia hao. Ndiyo sababu watu walikamatwa vijijini kwa malaki. Na posho ilipopunguzwa, hesabu ile ilikatwa katika miili yao. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa homa, kwa baridi na kwa njaa. Wengi wao majina yao hayakuandikwa, wala makaburi yao hayajulikani. Sanamu ya shaba iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Maandishi yake yawataja wapagazi pia, lakini mpita njia huona bunduki; mzigo hauoni.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyepanga vita mezani huko Ulaya aliuona mzigo ule kuwa mwepesi, kwa kuwa haukuwa begani mwake.

Baada ya vita reli ikatengenezwa, na kwa safari ndefu mzigo ukashuka begani, ukapanda garini. Hapo lilitokea swali jingine: gari nalo hula nini? Injini ya moshi ilikula kuni, makaa na maji. Nayo ilikuwa mlafi, maana katika kila mafungu 100 ya kuni yaliyoingia tanuruni, joto la mafungu yasiyozidi 10 ndilo lililovuta mzigo. Lililobaki lilipotea katika moshi na mvuke. Kisha zikaja injini za dizeli, ambazo hufanya kazi kubwa zaidi kwa chakula kidogo, lakini mafuta yake yatoka ng'ambo. Bei ikipanda huko mbali, nauli hupanda kwetu, na gunia la mahindi la mkulima hupungua thamani kabla halijafika sokoni.

Basi watu wakaanza kutazama nguvu zilizomo katika nchi yenyewe. Mwaka 1974 gesi iligunduliwa chini ya kisiwa cha Songo Songo, upande wa Kilwa. Na mwaka 2004 ikafika Dar es Salaam kwa bomba, ikawasha mitambo ya umeme na ya viwanda. Baadaye ikaanza kutiwa katika magari na bajaji, kwa kushindiliwa ndani ya mitungi yenye nguvu. Kazi ya kugeuza magari ya petroli yaweze kwenda kwa gesi imefundishwa na kufanywa mpakani mwa Upanga, katika Taasisi ya Teknolojia, ambayo zamani ilikuwa shule ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1957. Vijana wetu ndio wafanyao. Gesi ni rahisi kuliko petroli, na moshi wake ni mchache. Lakini tuseme kweli: gesi nayo huisha, na ichomwapo huiongezea hewa ile hewa ya ukaa iongezayo joto la dunia. Ni daraja, si ng'ambo ya mto.

Tena mto wenyewe umetupa jambo kubwa zaidi. Mto ule ule wa Rufiji, ambamo mizinga 10 ilitolewa na kuburutwa kwa mikono ya watu, sasa umewekewa bwawa lenye jina la Julius Nyerere. Mashine zake ni 9, na kila moja yaweza kutoa megawati 235, jumla megawati 2,115. Ya kwanza ilianza kutoa umeme Februari 2024, na zote zikakamilika mwaka 2025. Umeme wa maji hayo huungana na umeme mwingine wa taifa. Katika umeme huo reli mpya hupata nguvu zake, kwa waya uliotandazwa juu ya njia. Gari hilo lilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hata Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na hata Dodoma mwezi wa Julai; nalo likazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 1 Agosti 2024. Stesheni yake si mbali na Kariakoo. Safari ile ya siku 25 imekuwa ya saa chache. Mtu huondoka asubuhi, akala chakula cha mchana Dodoma.

Sasa turudi kwenye simu ya upepo, maana hapa ndipo imerudi kwa kazi ya amani. Zamani, katika reli ya njia moja, mkuu wa stesheni alimwuliza mwenzake kwa waya kama njia i wazi, ndipo akampa dereva ruhusa ya kuondoka. Katika reli hii mpya gari lenyewe husema. Kati ya reli vimewekwa vibao vidogo. Gari lipitapo juu yake hujua mahali lilipo, likapeleka habari kwa redio mpaka chumba cha waongozaji. Mitambo ya huko hupima magari yote yaliyoko njiani, ikajibu kwa redio: mwisho wako ni hapa, na mwendo wako usizidi huu. Dereva akipitiliza, breki hujifunga zenyewe. Kwa hiyo magari mengi zaidi yaweza kupita katika njia moja bila kugongana.

Lakini msomaji asidhani ya kuwa mtambo wenye akili hauna haja ya mtu mwenye akili. Mwisho wa Julai 2024, siku chache tu kabla ya uzinduzi, gari moja lilisimama porini kwa hitilafu ya umeme. Shirika la Reli likawataja ngedere na bundi kuwa chanzo. Watu wengi walicheka. Sisi twaona si jambo la kucheka tu. Kazi ya maelfu ya mafundi na umeme wa mto mzima vilisimamishwa na wanyama wadogo wa porini. Na aliyeviendesha tena ni fundi aliyejua mahali pa kutafuta kosa. Taifa linunualo mtambo bila kusomesha mafundi wake limenunua mzigo mwingine.

Tena tukishuka garini tukaingia Kariakoo, twaona nini? Twawaona wachukuzi wenye magunia mabegani, na wasukuma mikokoteni wakitokwa jasho kati ya mabasi na bajaji. Mzigo uliokuja mamia ya kilometa kwa umeme humaliza safari yake shingoni mwa kijana. Jina la mahali bado ni kweli. Hatuwalaumu, kwani kazi yao ni ya halali, nao hulisha watoto wao. Bali twauliza: je, kuna ahesabuye posho yao na afya zao, au tumewafanya kanda la usufi sisi nasi? Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kuchukuliana mizigo, hakuwafundisha kutupiana.

Ndugu wazazi, mtoto apendaye kufungua redio iliyokufa ili aone kilichomo, msimpige. Mtoto wa kike anayeshinda katika hesabu, msimtoe shuleni. Huenda huyo ndiye atakayefikiri jinsi umeme utakavyousukuma mkokoteni wa Kariakoo kwa bei ambayo mchukuzi aweza kulipa. Nasi walimu tufundishapo hesabu ya mwendo na saa, tuwatajie watoto wapagazi wale, ili wajue kwamba hesabu ikikosewa na wakubwa, mdogo ndiye alipaye kwa mwili wake.

Na wewe msomaji, siku utakayoshuka Dar es Salaam, ukamsikia utingo akiita, "Kariakoo! Kariakoo!", kumbuka ya kuwa anawaita watu wasioandikwa majina.