Bastola ya Afisa katika Bonde la Kilombero

Njia itokayo Kidatu kwenda Ifakara hupita Sanje na Mang'ula, milima ya Udzungwa ikiwa upande wa kulia wa msafiri na bonde la Kilombero upande wake wa kushoto. Nchi hii ya maporomoko na mashamba ya mpunga iliwahi kuwa uwanja wa vita, na katika habari za vita hivyo bunduki na mkuki hutajwa sana. Chombo kidogo kilichoning'inia kiunoni mwa afisa wa Kijerumani hutajwa kwa nadra. Walakini chastahili kutazamwa, maana umbo la silaha ni ushahidi wa fikira za yule aliyeiagiza. Mwenye kuisoma vema hujua aliyeishika alitarajia kufanya nini nayo, na nini alitarajia kifanywe na wengine.

Baada ya dola ya Ujerumani kuundwa mwaka 1871, jeshi lake lilitaka bastola moja ya kuwatosha askari wake wote. Ilikubaliwa rivolva ya mwaka 1879, yenye mtutu wa kadiri ya sentimeta 18. Na mwaka 1883 ikafuata ya pili, yenye mtutu mfupi wa kadiri ya sentimeta 12, iliyofaa zaidi kwa maofisa. Zote mbili zilipiga risasi ya risasi tupu yenye unene wa milimeta 10.6, na zote zilitumia baruti nyeusi. Nyingi zilitengenezwa katika kiwanda cha serikali mjini Erfurt na katika viwanda vya Suhl.

Mtambo wake ulikuwa wa nguvu na wa kizamani. Silinda yake ilikuwa na vyumba sita. Mpigaji alilazimika kuivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba kila mara kabla ya kufyatua, na kila alipoivuta silinda ilizunguka kuleta risasi nyingine mbele ya mtutu. Upande wa kushoto palikuwa na kizuizi cha usalama. Upande wa kulia palikuwa na kilango kidogo cha kupitishia risasi, moja baada ya moja. Penye kitako palikuwa na pete ya kufungia kamba, ili silaha isipotee ikimponyoka mwenyewe juu ya farasi. Lakini haikuwa na chombo chochote cha kutolea maganda. Zilipokwisha risasi sita, mwenyewe alipaswa kutafuta kijiti na kuyasukuma maganda yatoke, moja moja, ndipo ajaze tena.

Wakati huo mambo mengine yalijulikana. Rivolva ya Webley, iliyokubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1887, ilivunjika katikati kama bawaba, na kwa tendo hilo moja maganda yote yaliruka nje. Kwa nini basi Wajerumani waliridhika na bastola yao hata mwaka 1908, walipoipokea bastola ya Luger ya milimeta 9, yenye risasi nane ndani ya kitako? Jibu lapatikana katika kazi ya afisa. Yeye hakuwekwa mstari wa mbele ili apige risasi nyingi, bali aamrishe wengine wapige. Bastola ilikuwa alama ya amri na akiba ya dakika ya mwisho. Aliyeibuni hakufikiri sana juu ya risasi ya saba, kwa sababu alidhani kwamba afisa asingeihitaji.

Katika Afrika Mashariki dhana hiyo ilijaribiwa mapema. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Emil von Zelewski njiani, hata askari wengi hawakuwahi kujaza bunduki zao. Kwa dakika chache jeshi lilikwisha, na Zelewski mwenyewe akauawa. Mstari wa bunduki ulipovunjika, bastola za maofisa hazikuweza kuurudisha. Mkuki wenye watu waliopangwa vizuri ulishinda chuma kisicho na mpango.

Funzo hilo halikupotea kwa Wajerumani, wala halikuwapotea watu wa nchi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umezuia silaha mpya zisiuzwe kwa Waafrika, hivyo walio wengi walibaki na magobori na mikuki. Maji Maji yalipoanza huko Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, moto ulilifikia bonde la Kilombero katika majuma machache. Mwezi wa Agosti kituo kidogo cha Ifakara kilishambuliwa na kutekwa. Tarehe 30 Agosti Wambunga na Wapogoro waliikabili boma ya Mahenge, iliyoongozwa na Kapteni von Hassel. Hapo bunduki za mashine, ambazo wenyeji waliziita bombomu, zilifanya kazi ambayo bastola elfu moja zisingeifanya. Hata hivyo boma ilizingirwa, mpaka Kapteni Nigmann alipofika kutoka Iringa mwezi wa Septemba.

Aghalabu habari hii husimuliwa kana kwamba ni shindano la risasi na maji, na msikilizaji huachwa acheke au alie. Masimulizi hayo ni mapungufu. Maji yaliwapa watu wa makabila mengi kiapo kimoja, nao umoja ni silaha hata pale ambapo dawa haizuii risasi. Kwa upande wa pili, ushindi wa Wajerumani haukutoka katika bombomu peke yake. Vita vilipogeuka kuwa vya kuvizia msituni, majeshi yao yalichoma vijiji, yakateka ghala na kuharibu mazao. Njaa ilifuata. Hesabu ya serikali ya Kijerumani ilitaja vifo 75,000; mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakuguswa na risasi ya namna yoyote.

Mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 chini ya Wazungu wasiozidi mia chache, na wengi wa askari bado walichukua bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi moja na moshi mwingi. Tarehe 9 Oktoba 1917 Wabelgiji waliingia Mahenge, na utawala wa Kijerumani ukaondoka bondeni.

Bastola ya vyumba sita ilikuwa chombo kidhaifu mkononi mwa mtu mmoja. Nguvu yake ilitoka kwa askari aliyetii, mpagazi aliyechukua mzigo na mkulima aliyenyang'anywa chakula. Anayetaka kuipima nguvu ya utawala ule asihesabu risasi zilizokuwa kiunoni mwa afisa. Na ahesabu ghala zilizobaki tupu kutoka Mahenge hata Ifakara. Chuma hushika kutu, lakini deni la ghala tupu hulipwa na wajukuu.