Unga wa maua na majivu ya jikoni: historia ya dawa za bustani Butembo na Beni

Familia nyingi zilizokimbia Eringeti, Mbau au Kamango, zikifika Butembo, huanza na bustani ndogo nyuma ya nyumba ya jamaa aliyezipokea: lengalenga, kabichi, vitunguu na nyanya. Wiki chache zikipita, wadudu nao wamefika. Sokoni dawa hupimwa ndani ya vichupa visivyo na maandishi, na si kila mama ana franka za kuinunua. Anayerudia majivu ya jikoni huchekwa kwamba amerudi nyuma. Historia ya milima yetu inasema vingine.

Majivu ndiyo dawa ya kwanza. Wazazi wetu walichanganya maharagi makavu na majivu yaliyochekechwa, kisha wakafunga chombo. Majivu hujaza nafasi kati ya punje, mdudu akakosa pa kupita. Tena humkwaruza ngozi na kumkausha. Mbegu ya msimu ujao ilipona kwa njia hiyo, na mwenye mbegu hakuomba kwa jirani.

Dawa ya pili ilitoka mbali. Ni piretri, ua jeupe lenye moyo wa manjano, ambalo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaliita pareto. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya nchi inayoitwa leo Kroatia. Maua yake yakikaushwa na kusagwa hutoa unga unaopiga mishipa ya fahamu ya mdudu. Wakati wa Wabelgiji, walowezi waliipanda kwenye nyanda za juu za Kivu. Piretri hutaka baridi ili itoe maua mengi, kwa hiyo milima ya Lubero iliifaa. Beni iko chini na ina joto, haikuwa mahali pake.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo iliyouza piretri nyingi kuliko nchi zote. Ilipoingia vitani mwaka 1941 dhidi ya Marekani na Uingereza, nchi hizo zilikosa unga wa kuwakinga askari na chawa, na dawa ya kuua mbu wa malaria. Zikageukia Afrika. Kenya ikawa ya kwanza duniani, na maua ya Kivu nayo yakavuka bahari. Kazi ya kuchuma ua moja moja ilikuwa ya mikono ya watu wetu. Lakini ua lilihesabiwa kuwa mali ya kuuza nje, na kabichi ya mchumaji iliendelea kutegemea majivu.

Kisha ikaja DDT. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua nguvu yake ya kuua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Ilikuwa rahisi kwa bei na ilidumu muda mrefu. Kudumu huko ndiko kulikuja kuwa kosa lake, kwa sababu hubaki ardhini na katika mafuta ya wanyama. Marekani iliipiga marufuku mashambani mwaka 1972. Huku kwetu, uhuru wa 1960, uasi wa 1964 na sheria ya Mobutu ya Novemba 1973 ya kunyang'anya wageni mali zao vilibadilisha wenye mashamba makubwa. Dawa ya dukani ikawa alama ya maendeleo, majivu yakawa alama ya umaskini.

Tangu mauaji ya Oktoba 2014 kuzunguka Beni, watu wamekimbia bila jembe wala mbegu. Mwaka 2016 kiwavi jeshi kutoka Amerika naye akaingia Afrika, akala mahindi. Wakulima wa nchi nyingi wakarudia mkono wa zamani: kutia majivu kidogo ndani ya moyo wa mhindi, pale kiwavi anapojificha.

Kwa hiyo, mama mwenye bustani, tumia majivu bila haya. Yawe yamepoa, ya kuni safi. Usichome plastiki humo. Nyunyiza kidogo jani likiwa kavu, na mvua ikinyesha rudia. Yakizidi, udongo huharibika. Pilipili kavu iliyosagwa nayo husaidia. Funga pua na macho. Mwenye unga wa piretri autumie jioni, maana jua huuvunja upesi na mchana nyuki wako kazini. Usiumwage mtoni, huua samaki.

Tumbako ni jambo lingine. Unga wake ni sumu kwa mtu pia, hupita hata kwenye ngozi, na unaweza kuleta ugonjwa kwenye nyanya. Uache. Dawa ya shambani si salama kwa sababu tu imetoka shambani, na kichupa kisicho na maandishi ni hatari zaidi, hasa nyumba yenye watoto.

Katika nyumba nyingi zilizowapokea wahami kuna bibi au babu anayejua kipimo cha majivu kwa kikapu cha maharagi. Mwulizeni kabla ya kuhifadhi mavuno ya msimu huu, na kijana mmoja aandike jibu kwenye daftari.